Kutunza Monstera Ndani ya Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimelea monstera ndani ya nyumba kwa miaka mingi, na maswali yaliyomo humu ndiyo yanayorudi kila mtu anaponiletea picha ya jani lenye doa. Mengi chanzo chake ni kimoja: mmea umewekwa pasipo na mwanga wa kutosha, halafu unamwagiliwa kana kwamba uko dirishani. Ukilishika hilo, majibu kadhaa utayajua kabla hujayafikia.

## Kuufahamu mmea wenyewe

Monstera ni mmea gani, na asili yake ni wapi?

Hapa tunamzungumzia Monstera deliciosa, mmea wa misitu ya mvua kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Jina hilo la kisayansi ulipewa na Frederik Liebmann, mtaalamu wa mimea wa Denmark, mwaka 1849. Ni wa ukoo mmoja na magimbi, na undugu huo utauona kwenye utomvu wake unaowasha.

Jambo la kushika ni kwamba monstera ni mmea wa kukwea miti. Mbegu huota chini msituni, na mche huanza kutambaa kutafuta shina la kushika. Mwaka 1975 watafiti Donald Strong na Thomas Ray walionyesha, kwa kuchunguza ndugu yake anayeitwa Monstera gigantea, kwamba mche huo hauelekei kwenye mwanga. Unaelekea penye giza zaidi, kwa sababu giza hilo mara nyingi ni shina la mti mkubwa. Ukishalishika shina, tabia inageuka: unapanda kuufuata mwanga, na majani yanazidi kuwa makubwa kadiri unavyokwenda juu. Karibu kila shauri lililo hapa chini linatokana na maisha hayo: mizizi yenye hewa, mwanga unaochujwa na majani ya miti, na kitu cha kuegemea.

Mbona majani ya monstera yangu hayana matundu?

Kwa kawaida ni kwa sababu bado changa. Majani ya kwanza ya mche huwa mazima, yenye umbo la moyo. Mpasuko wa pembeni huanza kuonekana baada ya majani kadhaa, na matundu madogo yaliyo karibu na mshipa wa katikati huja baadaye zaidi.

Kama mmea si mchanga tena na bado unatoa majani mazima, tazama mwanga kwanza, kisha kama una kitu cha kupanda. Monstera iliyoko gizani hurudi nyuma: kila jani jipya linakuwa dogo kuliko lililotangulia, na mipasuko inapungua.

Matundu hayatoboki baada ya jani kufunguka. Hutengenezwa jani likiwa bado dogo sana ndani ya chipukizi, ambapo seli za sehemu fulani hufa kwa mpango na kuacha nafasi. Kwa hiyo jani lililofunguka likiwa zima litabaki zima mpaka life. Matumaini yako yaweke kwenye jani linalofuata.

Kwa nini mmea uyatoboe majani yake wenyewe? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni ya Christopher Muir, aliyoyachapisha mwaka 2013. Chini ya msitu mwanga hufika kwa vipande vidogo vya jua vinavyohamahama. Jani lenye matundu husambaa eneo kubwa zaidi kwa kiasi kile kile cha tishu, hivyo hupata jua kidogo kidogo lakini kwa uhakika zaidi.

Nitajuaje kama nilichonacho ni monstera deliciosa?

Mmea wa majani madogo, membamba, wenye matundu yasiyofika ukingoni ni Monstera adansonii. Ule unaouzwa kama "monstera ndogo", wenye mipasuko bila matundu, ni Rhaphidophora tetrasperma. Wenye majani yaliyochanwachanwa kwa kina unaosimama kama kichaka ni Thaumatophyllum bipinnatifidum. Mani planti nayo huchanganywa na monstera ikikwea mti nje, kwa kuwa majani yake yakikomaa hupanuka na kupasuka. Habari njema ni kwamba matunzo ya mimea yote hii yanafanana sana.

## Mwanga na mahali

Niiweke wapi ndani ya nyumba?

Karibu na dirisha, kuliko unavyodhani. Kati ya nusu mita na mita moja na nusu kutoka kwenye dirisha kubwa ndipo monstera nyingi hustawi. Jua la asubuhi likiigusa moja kwa moja halina neno. Jua kali la mchana kupitia kioo ndilo linalounguza, na utaona mabaka ya rangi ya karatasi iliyofifia, hasa kwenye mmea uliohamishwa ghafla kutoka kivulini. Weka pazia jepesi, au uuzoeshe kwa kuusogeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Usiliamini jicho lako katika hili. Jicho hujirekebisha, na chumba chenye mwanga hafifu bado kinaonekana cheupe kwetu. Fanya hivi: mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha shikilia mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali na weusi mwingi ni jua la moja kwa moja. Kivuli laini ambacho bado vidole vinatambulika, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli chochote, hapo monstera itadumu kwa muda lakini haitakua.

Ofisi yangu haina dirisha. Kuna njia?

Ipo, nayo ni taa. Taa nyeupe ya LED yenye nguvu ya kutosha, ikiwa sentimita 30 hadi 50 juu ya majani na ikiwashwa kama saa 12 kwa siku, inatosha kuikuza. Mimea pia huhitaji usiku, kwa hiyo usiiache ikiwaka saa 24. Taa ya dari peke yake haitoshi.

Lazima niigeuzegeuze?

Si lazima. Monstera huelekeza majani yake dirishani, kwani juu ya kila kikonyo kuna kiungo kinachoweza kulizungusha jani. Ukitaka ijae pande zote, geuza chungu robo mzunguko kila unapomwagilia. Ikiwa iko kwenye nguzo, iache: nguzo iwe nyuma, uso wa mmea uwe kwenye mwanga.

Inavumilia baridi kiasi gani?

Nyuzi 18 hadi 30 za Selsiasi zinaifaa. Chini ya 15 ukuaji husinzia, na ikikaribia 10 majani huanza kuumia. Upepo wa kiyoyozi unaopuliza moja kwa moja juu yake huudhuru mmea hata kama chumba chenyewe hakina baridi kali.

## Maji

Niimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na siku za wiki hazina jibu lake. Jibu liko kwenye udongo. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kama sentimita 5. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo baridi ulionata, subiri. Ukishazoea, hutahitaji hata kidole: nyanyua chungu kidogo, na uzito utakuambia.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Zungusha maji juu ya udongo wote mpaka yatoke matunduni chini, subiri dakika kumi na tano, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikombe kimoja cha maji kila siku ndicho kibaya zaidi, maana juu panakuwa tope na chini mizizi mingine haijaguswa.

Kinachoamua kasi ya kukauka ni mwanga. Mmea unaopata mwanga mwingi unatengeneza chakula kwa kasi, unafungua vitundu vyake vya kupumulia, na maji yanavutwa kutoka mizizini kwenda hewani. Mmea wa kivulini unakunywa kidogo sana. Chungu kile kile kinachokauka kwa siku sita dirishani kinaweza kukaa na unyevu wiki tatu kwenye kona. Ndiyo maana ratiba ya jirani yako haikufai.

Monstera yangu ya kwanza niliiua kwa njia hii. Ilikuwa kwenye kona ya sebule, mita nne hivi kutoka dirishani, nami niliimwagilia kila Jumamosi bila kugusa udongo. Majani yalipolegea nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipoitoa kwenye chungu, harufu ilikuwa kama ya maji ya mtaro. Nilishika mzizi mmoja kati ya vidole viwili nikauvuta taratibu: ganda lake la nje lilivuka lote kama soksi iliyolowa, likabaki uzi mwembamba wa katikati. Karibu mizizi yote ilikuwa hivyo. Ilinisikitisha sana, kwa sababu mmea ule uliuawa na bidii yangu.

Kinachotokea huko chini ni ukosefu wa hewa. Mizizi hupumua oksijeni iliyoko kwenye nafasi ndogo za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa siku nyingi, mizizi inakosa pumzi, inakufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia. Mmea usio na mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo unanyauka ukiwa umesimama kwenye maji.

Majani yamegeuka ya njano. Ni maji mengi au machache?

Usiangalie jani peke yake; gusa udongo ndipo uamue.

Udongo umelowa, majani kadhaa ya chini yanageuka njano kwa pamoja na kulainika, labda na madoa meusi: maji yamezidi. Acha kumwagilia, sogeza mmea kwenye mwanga zaidi, na kama una wasiwasi utoe uangalie mizizi. Mizizi mizima ni migumu, ya rangi ya maziwa au kahawia nyepesi. Iliyooza ni laini na inavuka ganda kama nilivyoeleza hapo juu.

Udongo mkavu umejitenga na ukuta wa chungu, chungu chepesi, majani yamejikunja kwa ndani: ni kiu. Udongo uliokauka hivyo hukataa maji, nayo hupita pembeni na kutoka chini bila kulowesha kitu. Tumbukiza chungu kizima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Jani moja tu, la chini kabisa, mmea mwingine wote ukiwa na afya: ni uzee. Liache mpaka likauke kiasi, kwa kuwa mmea huondoa virutubisho kwenye jani zee na kuvipeleka kwenye machanga. Baada ya hapo kata.

Asubuhi nakuta matone kwenye ncha za majani. Inaumwa?

Hapana. Usiku mizizi huendelea kusukuma maji juu huku majani yakipoteza kidogo sana, na ziada hutokea kwenye ncha na kingo. Ni ishara kwamba mizizi inafanya kazi. Ikitokea kila siku, huenda udongo umekaa na maji muda mrefu, basi subiri zaidi kabla ya kumwagilia tena.

Maji ya bomba yanafaa?

Mara nyingi yanafaa. Monstera si mwepesi wa kudhurika na madini kama mimea mingine ya ndani. Maji ya mvua ni bora ukiyapata. Maji yaliyolainishwa kwa mtambo wa chumvi usiyatumie, kwani sodiamu hujikusanya kwenye udongo.

Ninyunyizie majani kila siku ili kuongeza unyevunyevu?

Kunyunyizia kunasaidia kwa dakika chache tu, mpaka matone yakauke, kisha hewa ya chumba inarudi ilivyokuwa. Majani yanayolala yamelowa pasipo hewa ya kutembea hupata madoa ya ukungu. Monstera hufurahia unyevunyevu wa asilimia 50 hadi 70, lakini asilimia 40 inaivumilia vizuri mizizi ikiwa mizima. Ukiishi mahali pakavu sana, kifaa cha kutoa mvuke hufanya kazi kweli. Kuikusanya mimea pamoja husaidia kiasi.

## Udongo, chungu na mbolea

Nitumie udongo gani?

Usiokumbatia maji. Udongo wa bustani peke yake hugandamana ndani ya chungu na kufunga hewa. Mimi huchanganya sehemu mbili za usumba wa nazi, sehemu moja ya vipande vya magome ya miti, sehemu moja ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kuingiza hewa udongoni), nusu sehemu ya mboji iliyoiva na konzi ya chenga za mkaa. Vipimo hivi si amri. Huna perlaiti? Tumia mawe madogo mepesi ya volkano. Kipimo cha kweli ni hiki: mwaga maji juu, na yasisimame kama dimbwi, yazame mara moja.

Niweke changarawe chini ya chungu ili maji yapite vizuri?

Usiweke. Ushauri huu umesambaa sana, lakini unafanya kinyume cha unachokusudia. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye mawe yenye nafasi kubwa; husimama juu ya mawe mpaka udongo uloe chepechepe. Matokeo yake tabaka la maji linapanda karibu zaidi na mizizi. Matundu chini ya chungu ndiyo yanayohitajika. Kama chungu chako kizuri hakina tundu, panda kwenye kopo la plastiki lililotobolewa na ulitumbukize humo.

Nihamishe chungu lini?

Mizizi ikichungulia matunduni, au udongo ukiwa unakauka ndani ya siku mbili, au kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za upana, basi. Chungu kikubwa mno kina udongo mwingi usio na mizizi ya kuunyonya maji, na tunarudi kule kwenye kuoza. Mmea ulionunuliwa juzi uache kwanza wiki mbili tatu uzoee chumba.

Mbolea gani, na kiasi gani?

Mbolea ya maji yenye NPK, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambayo naitrojeni ni nyingi kuliko vingine, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, mara moja kila wiki tatu au nne wakati mmea unatoa majani mapya. Usipoona jani jipya, usiweke. Mmea usiokua hauna matumizi nayo, na chumvi zake hubaki zikiunguza mizizi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, pitisha maji mengi mara mbili tatu mfululizo ili zisafishwe.

Na maganda ya mayai, makapi ya chai, maji ya mchele?

Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza ndani ya chungu. Makapi ya chai na kahawa huota ukungu na kuita vidudu. Vipeleke kwenye shimo la mboji, na mboji ikiiva ndipo uilete ndani.

## Kukwea, kukata na kuzalisha

Mizizi inayoning'inia hewani niikate?

Ukiikata haitakufa, lakini mimi siikati. Hiyo ndiyo mikono ya kukwelea. Iliyo mirefu ielekeze chini iingie udongoni, nayo itaongeza nguvu ya kunywa. Iliyo karibu na nguzo ifunge kwenye nguzo.

Nguzo ina umuhimu gani kweli?

Mkubwa, ukitaka majani makubwa. Mmea unaotambaa au kuinama hutumia nguvu kutafuta pa kushika. Uliopata pa kupanda huongeza ukubwa wa jani kwa jani. Nguzo iliyofungwa makumbi ya nazi na kuloweshwa mara kwa mara ni bora kuliko fimbo tupu, kwa kuwa mizizi hewa hujishikiza na kunywa humo. Funga shina, wala usifunge vikonyo vya majani. Vikonyo vinahitaji kuzunguka.

Nawezaje kuzalisha nyingine?

Kwa kipande cha shina chenye kifundo. Kifundo ni pale shina lilipo na kovu kama pete, ambapo kikonyo cha jani na mzizi hewa hutokea. Kata kwa kisu kilichofutwa na spiriti, chini kidogo ya kifundo, ukiacha jani moja au mawili. Acha jeraha likauke saa chache, kisha weka kipande ndani ya maji, kifundo kikiwa ndani na jani likiwa nje. Badilisha maji kila siku tatu au nne. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne mahali penye joto na mwanga. Ikifika sentimita 5 hadi 10 na kuanza kutoa matawi, pandikiza, na wiki ya kwanza udongo usikauke kabisa.

Jani lenye kikonyo bila kifundo linaweza kukaa kijani kwenye maji kwa miezi, hata likatoa vijimizizi, lakini halitazaa mmea kamwe. Halina jicho la kuchipua. Watu wengi wameuziwa majani ya namna hiyo, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa.

## Matatizo

Ncha na kingo zinakauka na kuwa kahawia.

Ukavu wa kingo unaovunjika kama karatasi hutokana na kiu ya mara kwa mara, hewa kavu mno au chumvi za mbolea. Doa jeusi laini lenye mzingo wa njano ni hadithi nyingine: hiyo ni mizizi yenye maji mengi au ugonjwa wa bakteria au kuvu. Kata jani lililoathirika, acha majani yakae makavu, na rudi kwenye jibu la majani ya njano.

Nina wadudu. Nitawatambuaje na nifanye nini?

Geuza jani utazame upande wa chini, kandokando ya mishipa, kwa tochi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe: vumbi likianza kutembea, ni utitiri, na huenda utaona utando mwembamba kwenye maungio. Vitu kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vijigamba vya kahawia vilivyogandama kwenye shina ni wadudu magamba. Mabaka ya rangi ya fedha yenye vidoadoa vyeusi, na vidudu vyembamba kama kipande cha uzi, ni vithiripi. Hao ndio wasumbufu kuliko wote kwa monstera.

Tenga mmea siku hiyo hiyo. Osha majani yote kwa maji ya bomba, juu na chini. Kisha nyunyiza sabuni maalumu ya mimea, au mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa, jioni na mbali na jua. Vidung'ata na magamba wafute kwa pamba yenye spiriti. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, angalau mara nne. Watu hushindwa hapa, kwa sababu baada ya mara ya kwanza mmea unaonekana safi. Lakini mayai ya vithiripi yamo ndani ya tishu za jani ambamo dawa haifiki, na wengine hujigeuza wakiwa udongoni.

Vidudu vyeusi vinaruka kutoka kwenye udongo kila nikimwagilia.

Wakubwa hawaumi mmea. Mabuu yao hula uozo na vijimizizi kwenye udongo uliolowa daima. Acha sentimita 5 za juu zikauke kila mara, na uweke kadi za njano zenye gundi za kunasa wanaoruka. Wiki tatu za nidhamu ya maji kwa kawaida zinawamaliza.

Mizizi yote imeoza. Niitupe?

Bado. Osha udongo wote, kata kila kilicholainika, kisha kata na shina kwa kisu, kipande kwa kipande kwenda juu, mpaka ufike penye nyama ngumu ya kijani au nyeupe, isiyo na duara la kahawia katikati. Kama kimebaki kifundo kimoja kizima, una mmea. Endelea kama ilivyoelezwa kwenye kuzalisha.

## Usalama, na yanayosemwa

Ina sumu kwa watoto, paka au mbwa?

Ndiyo, kwa kutafunwa. Majani, shina na mizizi yana fuwele kama sindano za oksalati ya kalsiamu, zinazochoma mdomo na koo: maumivu ya papo hapo, mate mengi, uvimbe, pengine kutapika. Mara nyingi maumivu hayo humzuia mtoto au mnyama kula zaidi. Suuza mdomo kwa maji na uwasiliane na daktari, au daktari wa mifugo kwa mnyama. Akipata shida ya kupumua au kumeza, ni dharura. Unapokata mmea vaa glavu ikiwa ngozi yako ni nyepesi kuwashwa.

Nimesikia ina tunda linalolika. Ni kweli?

Ni kweli. Neno deliciosa linalisifia tunda hilo. Lakini huchukua mwaka au zaidi kuiva, na likiwa bichi linawasha vibaya kwa fuwele zile zile. Huliwa tu pale magamba yake ya pembe sita yanapoachia na kudondoka yenyewe. Ndani ya nyumba maua ni nadra sana.

Itanyonya oksijeni usiku nikilala nayo chumbani? Na je, inasafisha hewa?

Usiku mmea hupumua kama kiumbe chochote, lakini kiasi chake ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mtu mmoja aliyelala karibu nawe. Lala nayo bila hofu.

Habari ya kusafisha hewa ilienea baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba si kisanduku. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipitia upya tafiti za aina hiyo wakaona kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kulingana na kazi ya hewa inayoingia na kutoka jengoni kwa kawaida. Fungua dirisha. Monstera ipende kwa uzuri wake.

Nipake majani mafuta au maziwa yang'ae?

Hapana. Mafuta huziba vitundu vya kupumulia na kunasa vumbi, maziwa huacha utando unaonuka. Kitambaa laini chenye maji kinatosha, huku mkono wa pili ukilishikilia jani kwa chini.

## Yasiyo ya kawaida

Monstera yenye mabaka meupe inahitaji matunzo tofauti?

Sehemu nyeupe haina klorofili, kwa hiyo haitengenezi chakula. Mmea hukua polepole, unahitaji mwanga mwingi zaidi lakini huungua upesi, na sehemu nyeupe hugeuka kahawia mapema. Aina iitwayo 'Thai Constellation' weupe wake ni thabiti. 'Albo Variegata' inaweza kurudi kijani kitupu, au kutoa jani jeupe lote lisiloweza kujilisha. Ikitokea, kata nyuma mpaka kwenye kifundo chenye mchanganyiko wa rangi. Usinunue mbegu zinazodaiwa kuzaa monstera nyeupe, au za bluu.

Nasafiri wiki tatu na hakuna wa kumwagilia.

Mwagilia kikamilifu siku ya kuondoka na uirudishe nyuma kutoka dirishani hatua moja mbili, ili inywe polepole. Usiiache ikiwa imesimama kwenye beseni la maji. Itakuwa na kiu ukirudi, na kiu inatibika.

Jani jipya limekwama, halifunguki.

Usilivute. Jani jipya hutoka likiwa limeviringika kama mkeka, rangi ya kijani nyepesi inayong'aa, laini kiasi kwamba alama ya ukucha hubaki humo maisha yake yote. Kufunguka kwake kunaweza kuchukua siku chache au zaidi ya wiki. Likikwama, zungushia kitambaa chenye unyevu kwa saa kadhaa na uangalie kama udongo haujakauka kupita kiasi. Likichanika wakati wa kutoka, mchaniko huo hautapona, lakini jani litaendelea kufanya kazi yake.

Mmea umebaki shina tupu bila jani hata moja. Kuna tumaini?

Bonyeza shina. Likiwa gumu, tafuta kwenye kila kifundo kijiuvimbe kidogo chenye ncha, upande ulipokuwa kikonyo: hilo ndilo jicho. Laza kipande juu ya usumba wenye unyevu kidogo, nusu kikiwa kimezama na jicho likitazama juu, funika kwa mfuko unaopitisha mwanga, na weka mahali penye joto. Fungua mfuko kila siku mbili hewa iingie. Inaweza kuchukua miezi miwili bila dalili yoyote, kisha siku moja utaona jicho limevimba na ncha ya kijani inachungulia.